Kwa macho au kwa vyombo juu ya Ziwa Victoria

Rubani wa ndege ndogo anayetoka Mwanza kwenda kisiwa cha Rubondo anaweza kuruka kwa macho, yaani akiongozwa na anachokiona nje, au kwa vyombo, yaani akifuata vipimo vilivyo ndani ya ndege. Kwa macho, chini ya futi 10,000, kanuni za kimataifa zinamtaka aone angalau kilomita 5 mbele. Ni rahisi na nafuu, ila kukwepa ndege nyingine kunategemea zaidi macho yake. Na ziwani ukungu ukitanda, maji na mbingu huwa rangi moja. Mstari wa upeo wa macho hupotea, mwili humdanganya rubani hata hajui ndege imeinama upande gani. Hali hiyo inaua. Hapo mimi nachagua vyombo bila kusita, japo vinadai idhini ya ziada kwenye leseni, mpango wa safari na kumtii mwongoza ndege. Kiwanja anachokwenda kisipokuwa na utaratibu wa kutua kwa vyombo, lazima rubani aione ardhi au arudi Mwanza.