Miaka miwili ya bweni Tanga: uzoefu wangu

Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), katika shule moja ya serikali Tanga mjini. Jina nalihifadhi, wadogo zetu bado wako pale. Nawaandikia mnaopangiwa huko mkaanza kutishwa na ndugu, kama nilivyotishwa mimi Kahama: utarogwa, utakuwa mvivu, hutarudi.

Nianze na maji. Ya bombani yana chumvi, sabuni haitoi povu, na siku nyingine hayatoki kabisa. Ndoo yako iandike jina kwa rangi ya mafuta. Yangu niliiandika kwa kalamu, ikaondoka wiki ya kwanza. Chandarua usikisahau. Makande sina la kusema, mnayajua.

Ila kwa msuli, yaani kusoma, sijutii, na sababu ni mwalimu wetu wa Historia. Jumamosi moja alitutembeza mjini kwa miguu, madaftari mkononi. Akatuambia kwamba mwaka 1892 Wajerumani walifungua shule ya serikali hapo Tanga, ya kwanza katika koloni lao, wakifundisha kwa Kiswahili kwa sababu walihitaji makarani, walimu na maakida wa kuwaendeshea utawala. Shule ikawa na mtambo wa kupiga chapa, na humo ndimo lilimotoka gazeti la Kiongozi. "Nyie mlidhani Kiswahili cha ofisini kimeanzia Dodoma?" akatuuliza. Tukanyamaza.

Kisha akaingia Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wao kutoka India, wakapigwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, na nyuki nao wakawashukia. Mwenzetu wa Iringa akauliza kama nyuki walipewa nishani. Tulicheka mpaka njaa ikauma. Lakini swali la elimu ya kikoloni lilipokuja kwenye mtihani sikuhangaika na desa, zile notisi za kukariri. Niliandika nilichokanyaga kwa miguu yangu.

Siku za ruhusa kodi baiskeli uende Raskazone, kule ufukweni, ununue machungwa ya Muheza, jioni utafute mkate wa kumimina wa moto. Wenyeji watakutania "waja leo waondoka leo". Cheka nao tu, usinune. Mimi nilinuna muhula mzima, nikachelewa kupata marafiki.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa ndoo yangu ikirudi.