Helmeti ya kioo kipana, watu wa boda Kampala chukueni hii

Wenzangu wa boda, kama unatafuta helmeti usianze na rangi, angalia kwanza inakuachia kuona kiasi gani huku pembeni. Hii yangu nimeitoa mjini karibu na Clock Tower, ni ya kufunika uso mzima na kioo chake ni kipana, imekula zaidi ya laki moja lakini aki inastahili. Ile ya kwanza ilikuwa imeziba pande zote mbili, kamunye, zile taksi za abiria, ikichomoka kuokota mtu unaiona ikishafika kwa gurudumu la mbele, sasa hapo unafanyaje?

Nasisitiza pembeni kwa sababu jicho linaona vizuri kabisa kale kasehemu tu unakokatazama, upana kama ukucha wa dole gumba ukinyoosha mkono. Huko pembeni mambo ni ukungu, hata rangi hazishiki vizuri, lakini kitu kikitikisika tu unashtuka fasta, bado hujajua kama ni mtoto ama ng'ombe ama boda mwenzako. Kuhamisha jicho likitazame inachukua kama moja ya tano ya sekunde, ukiwa unaenda 40 kwa saa umeshakula mita mbili, kwa hio ukizibwa pembeni hata hio nafasi ya kushtuka huna.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa, zile helmeti zenye alama ya E kwa duara, inataka usizibwe mpaka nyuzi 105 kila upande kutoka katikati ya uso. Lakini stika mtu yeyote anaweza kuchapisha, so pima hapo hapo dukani: tazama mbele usihamishe macho, mtu alete vidole pole pole kutoka nyuma ya sikio huku anavitikisa. Kwa hii niliona mtikisiko vikiwa bado usawa wa sikio, kuhesabu ni vingapi ndio ilishindikana mpaka vikaja mbele sana, na hio ni kawaida ya macho, helmeti haina kosa.

Ubaya wake mvua ikinyesha kioo kinashika mvuke, inabidi ukiinue kidogo. Na muuzaji atakusukumia kile kioo cheusi eti kinapendeza, kataa kabisa, usiku pale Northern Bypass mtu anavuka bila taa utamwonaje? Chukua cheupe, kile kinachoonyesha wazi. Helmeti za abiria pia wauzaji wanazo, na hizo pia wapimie pembeni, juu abiria wako saa zingine ndio anaona lori kabla yako.