Uzoefu wangu: Chumba cha bahari cha mwanangu ndani ya nyumba ya mawe na chokaa

Stika za samaki nilizozinunua kwa shilingi 45,000 zilikaa ukutani siku kumi na moja tu. Ya kwanza kubanduka ilikuwa ya kasa mkubwa aliyekuwa juu ya kitanda, na alipoanguka aliondoka na ganda la rangi lenye ukubwa wa sahani, nyuma yake kukabaki unga mweupe ambao ukiugusa na ulimi ni chumvi tupu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka mitatu na nusu, alimwokota kasa wake akanitaka nimrudishe baharini. Nilijaribu kumbandika kwa gundi nyingine, lakini kufika asubuhi alikuwa chini tena.

Nyumba yetu iko Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na imejengwa kama zilivyojengwa jirani zake: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na dari lililobebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo chumba cha mtoto ni chembamba, hakifiki mita tatu, ingawa urefu wake ni mita tano. Ukuta wake mmoja unatazama nje na hupigwa na mvua ya masika moja kwa moja. Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, habari za chokaa tunazisikia sana kuhusu kuta za nje. Ndani, nionavyo mimi, kila anayehamia hupaka anachokipata dukani. Chumba chetu kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta juu ya kiraka cha saruji.

Baada ya stika kunishinda niliwaita mafundi wawili wanaofanya kazi pamoja, mmoja wa rangi na mmoja seremala. Fundi wa rangi hakuuliza ninataka picha gani. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia dirishani hadi mlangoni, akanisikilizisha mahali panapotoa sauti ya uwazi, kisha akanieleza kwamba ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa, na kwamba rangi ya mafuta imeyafungia ndani pamoja na chumvi yake, ndiyo maana chochote kinachobandikwa juu kitasukumwa kutoka nyuma. Alisema hatachora hata samaki mmoja mpaka ukuta uvuliwe ile rangi. Bei ya ukuta na picha ilikuwa shilingi 620,000, na ya seremala 380,000. Nilisita, kwa kuwa nilikuwa nimepanga kutumia nusu ya hizo, lakini nilikubali, na leo ningekubali tena.

Hata hivyo siku ya kwanza sikuridhika nao. Walianza kukwangua rangi kavu na vumbi likajaa chumba kizima hadi ukumbini. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto mdogo hata ikiwa kidogo, kwa hiyo niliwasimamisha nikawaomba wailoweshe rangi kwanza, wakwangue ikiwa mbichi, na mabaki yake wayafunge katika mifuko. Walikubali bila kinyongo, ila jambo hilo walipaswa kulijua wenyewe, hasa kwa kuwa wanajitangaza kuwa ni mafundi wa vyumba vya watoto. Binti yangu nilimpeleka kwa bibi yake Fuoni, akakaa huko mpaka kazi ilipokwisha, kwani chokaa mbichi nayo huunguza macho na ngozi.

Sehemu zilizooza zilipigwa lipu ya chokaa na mchanga, zikaachwa zikauke taratibu, halafu ukuta wote ukapakwa chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitano, yaani tabaka tano, na kabla ya kila mkono ukuta ulinyunyiziwa maji kwanza. Buluu ya mkono wa mwisho ilitokana na unga wa buluu uliokorogwa ndani ya chokaa hiyo hiyo. Nilipoiona mbichi nilishtuka, maana ilikuwa imekolea sana. Fundi aliniambia nirudi kesho yake, na kweli nilikuta imepoa na kuwa rangi ya maji ya kina kifupi, pale ambapo mchanga wa chini bado unaonekana.

Katika simu yake fundi alikuwa na picha nyingi za makasri na mabinti wa wafalme wenye nywele za manjano. Nilimwomba aziache, achore bahari ambayo mtoto anaijua: kasa, pomboo wa Kizimkazi, changu, tasi na kolekole anaowaona kwenye kapu la babu yake, na pweza, ambaye mtoto alisisitiza awe wa waridi. Chokaa haikubali kila rangi, na anayetaka rangi kali zinazowaka asichague njia hii, lakini waridi ya pweza ilipatikana kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, na ni nzuri kuliko niliyoitarajia. Kazi ninayoipenda kupita zote ni vidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu vilivyojengwa ndani ya ukuta. Ukuta wa ndani una vidaka vitatu vya zamani, na ndani ya kila kimoja fundi alichora matumbawe na samaki wadogo wanaochungulia, hivyo vikawa mapango, na vitu vya kuchezea vya mtoto vikapata makazi bila kutoboa tundu lolote.

Baba yangu, ambaye amevua Nungwi maisha yake yote, alikuja kuona kazi kabla haijakwisha. Alisimama mbele ya ngalawa iliyochorwa juu ya mlango, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Fundi wangu, ngalawa hii kusi ikivuma haifiki." Ilikuwa imechorwa na tengo, yaani ule mti wa pembeni unaoizuia isipinduke, upande mmoja tu, ilhali ngalawa zetu zina matengo mawili, kulia na kushoto. Fundi alicheka, akamwomba msamaha, akaongeza tengo la pili siku hiyo hiyo huku mzee akimwelekeza linavyofungwa.

Seremala alitengeneza kitanda cha mwembe chenye umbo la dau, kifupi kiasi kwamba mtoto hupanda na kushuka mwenyewe, na omo lake, yaani sehemu ya mbele, likazibwa kwa ubao ili asiporomoke usingizini. Chandarua kinaning'inia kutoka kwenye boriti, na pembeni yake kuna pazia la kitambaa cha marekani lililokatwa pembe tatu kama tanga. Lawama yangu kwake ni vanishi: aliipaka siku moja kabla ya kukileta kitanda, na harufu yake ilitulazimisha kuacha madirisha wazi kwa wiki nzima. Jumla ya kazi ilichukua siku ishirini na moja badala ya kumi na mbili tulizokubaliana.

Masika yamepita tangu wakati huo. Chini ya dirisha, upande unaopigwa na mvua, lilitokea doa la ukubwa wa kiganja, na rangi ikawa unga. Fundi alikuwa ameniachia ndoo ndogo ya chokaa, akaniagiza niifunike kwa maji ili isikauke. Nilikorogea buluu kidogo, nikalowesha ukuta, nikampa binti yangu maji ya kunyunyizia nami nikalipaka doa mwenyewe. Kasa bado yupo juu ya kitanda.