Nyumba ya miti na udongo: iuzwe ilivyo au ibomolewe kwanza?

Pwani ya Tanzania, nyumba ya miti na udongo hununuliwa zaidi kwa ajili ya kiwanja. Benki haiikubali kirahisi kuwa dhamana, hivyo tarajia mnunuzi wa fedha taslimu.

Ukiiuza ilivyo, kodi ya wapangaji inaendelea kuingia. Ila mnunuzi makini atachokonoa nguzo kwa bisibisi pale zinapoingia ardhini; ikizama kwa ulaini, mchwa wameshakula, na bei inashuka papo hapo.

Ukibomoa, mipaka inaonekana, na bati nzima utaziuza kando. Lakini kiwanja kitupu huita wavamizi.

Kama paa halivuji, afadhali uiuze ilivyo. Pata ridhaa ya mwenzi wako kwa maandishi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa, hata ya udongo.