Miwani ya Kupigia Mbizi Niliyoipeleka Mafia: Ukungu Ulionikosesha Papa Potwe

Watazamaji wangu, karibuni tena. Miwani hii iliyo mezani pangu hapa Ntinda niliinunua Kampala kwa shilingi 170,000, nikaipeleka hadi kisiwa cha Mafia, na asubuhi ya kwanza nusura niitupe baharini. Vioo vyake ni vigumu na kingo zake ni za silikoni, kama zilivyo nyingi za bei hii, kwa hiyo sitakaa hapo. Kilichonikera ni ukungu.

Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, na kwa kuwa hula karibu na uso wa maji, huhitaji mtungi wa hewa. Miwani na bomba la kupumulia vinatosha. Nahodha aliposema "Potwe huyo!" nilijitosa, na kabla sijapiga mapezi mara kumi vioo vilikuwa vyeupe kama dirisha la jiko linalopikiwa matoke. Samaki mrefu kuliko teksi zetu za abiria 14 alipita chini yangu nami nikaona kivuli tu. Madoadoa yake meupe nilisimuliwa na wenzangu mashuani.

Sasa tazameni kwa makini. Hii ni miwani ya pili ya aina ileile, mpya, niliyoinunua kwa ajili ya onyesho hili, na mke wangu bado hajaniuliza bei. Kioo cha kushoto nimekiacha kama kilivyotoka dukani. Cha kulia nilikisugua jana usiku kwa ndani, kwa kidole na dawa nyeupe ya meno, ile ya kawaida wala si ya jeli, nikakisuuza na kurudia mara tatu. Sasa nakipaka mate, ndiyo, mate, nakisuuza kidogo, kisha naiinamisha miwani juu ya beseni hili la maji ya moto. Mnaona? Cha kushoto kimezibika kabla sijamaliza sentensi, ilhali kupitia cha kulia mnaweza kusoma maandishi ya kikombe changu. Kioo kipya hutoka kiwandani na utando mwembamba, na mvuke wa pumzi ukikutana na kioo kilichopozwa na maji hugeuka matone madogo yanayoshikilia utando huo. Utando ukiondolewa na mate yakipakwa, unyevu hutandaa sawasawa na macho huona. Muuzaji hakunieleza hata neno moja, na karatasi ya ndani ya boksi nayo ilinyamaza.

Hata hivyo, nipunguze hasira. Mpiga mbizi mmoja wa Utende ndiye aliyenifundisha mbinu hii, na siku iliyofuata, katika ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, niliyaona matumbawe kwa miwani ileile bila kuifuta hata mara moja. Hapo ndipo nilipokipenda kifuko hiki laini cha pua. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na ni lazima uibane pua na kupuliza taratibu ili masikio yazibuke. Zile barakoa zinazofunika uso mzima, ambazo wengi mmeniomba nizichambue, nyingi hazikuruhusu kuishika pua, kwa hiyo ni za kuelea tu.

Video ijayo ni ya feri ya MV Kalangala, kutoka Entebbe hadi Bugala katika visiwa vya Ssese. Miwani hii sitaibeba, kwa sababu maji ya ziwa hayana uangavu wa bahari, na kichocho kipo.

Je, kwa shilingi 170,000 ningeinunua tena? Asubuhi ile ningesema hapana. Leo nasema ndiyo, ila muuzaji aongezee tyubu ya dawa ya meno, maana Oktoba narudi Kilindoni kuyadai yale madoadoa.