Tapeli wa stendi na tapeli wa Myawaddy

Tapeli wa stendi lazima aje mwenyewe, anakuuzia simu kumbe ndani ya boksi ni kipande cha sabuni, ukishtuka unapiga kelele za mwizi watu wanamkimbiza, yaani mwizi, polisi na aliyeibiwa wote wako mji mmoja.

Sasa hawa wengine. Myawaddy iko Myanmar, mpakani na Thailand, na kumekuwa na makambi ya utapeli kama KK Park ambako vijana wanakalishwa kwenye kompyuta wajifanye wachumba, wanamlainisha mtu aliyeko Marekani au China mpaka atume hela kwa kripto, yaani sarafu za mtandaoni, na dakika chache tu ishavuka nchi kadhaa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wanaotuma hizo meseji nao wametekwa! Wapo Wakenya na Waganda walioahidiwa kazi nzuri Thailand, walipofika wakanyang'anywa pasipoti wakaanza kupigwa. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu walitolewa huko, Wakenya wakiwemo.

Wa stendi kituo kimoja cha polisi kinamtosha. Hawa wa Myawaddy polisi wa Nairobi atawakamataje wakati eneo lenyewe linashikiliwa na wanamgambo? Ndugu yako akiahidiwa kazi ya kompyuta huko na nauli analipiwa, mwambieni aulize ubalozini kwanza, kabla hajapanda ndege.