Crufts, Birmingham: Maonyesho ya Mbwa na Wafugaji Wakubwa Wanaoyabeba

Maonyesho ya Crufts hufanyika mwezi Machi, kwa siku nne, katika kumbi za NEC nje kidogo ya katikati ya jiji la Birmingham, Uingereza, na hukusanya karibu mbwa 20,000 pamoja na wageni wanaozidi laki moja. Sisi tunaoishi nchi hii huulizwa na ndugu walioko nyumbani, ambao huyatazama kupitia YouTube, kama kweli yanastahili nauli na kiingilio. Jibu langu ni ndiyo, na nayapa nyota nne kati ya tano. Hata hivyo, nyota hizo nne nazitoa kwa sababu isiyoonekana vizuri kwenye skrini, na ile ya tano naizuia kwa sababu hiyohiyo. Ninawazungumzia wafugaji, hasa wenye mabanda makubwa ya kuzalisha mbwa wa nasaba, ambao tangu mwanzo ndio walioyapa maonyesho haya mbwa, fedha, waamuzi na heshima.

Charles Cruft mwenyewe hakuwa mfugaji bali mfanyabiashara. Alikuwa mwajiriwa wa James Spratt, muuzaji wa biskuti za mbwa mjini London, na kazi hiyo ilimfikisha kwenye mashamba ya matajiri na mabanda ya mbwa wa kuwindia, kwa hiyo alipoanzisha maonyesho yaliyobeba jina lake mwaka 1891, katika ukumbi wa Royal Agricultural Hall huko Islington, alikwisha kujua abishe hodi kwa nani. Malkia Victoria, aliyekuwa na mabanda yake Windsor, alileta mbwa wake mwaka huohuo, wakiwemo wa aina ya Pomeranian, na Cruft akapata kwa mkupuo mmoja tangazo ambalo asingeweza kulinunua. Athari yake haikuishia kwenye mauzo ya tiketi. Malkia alipenda Pomeranian wadogo kuliko wale waliozoeleka zama zile, wafugaji wengine wakamfuata, na kadiri miaka ilivyopita mbwa yule akazidi kupungua hadi akawa wa kupakatwa. Banda lenye jina likipenda umbo fulani, wengine hulifuata, na mwishowe umbo hilo huwa ndilo linalotafutwa na mwamuzi.

Uzito wa mabanda hayo unaonekana wazi zaidi katika orodha ya washindi wa taji la Mbwa Bora wa Maonyesho. H. S. Lloyd, mwenye banda la Ware, alilitwaa mara sita kwa Cocker Spaniel watatu: Luckystar of Ware mwaka 1930 na 1931, Exquisite Model of Ware mwaka 1938 na 1939, na Tracey Witch of Ware mwaka 1948 na 1950. Katikati yake anaingia Lorna, Countess Howe, wa banda la Banchory, aliyeshinda kwa Labrador aitwaye Bramshaw Bob mwaka 1932 na 1933, kisha kwa Cheverells Ben of Banchory mwaka 1937. Ukikumbuka kwamba vita vilisimamisha maonyesho kwa miaka kadhaa, utaona kwamba watu wawili waligawana mataji tisa kati ya kumi na mawili yaliyotolewa kuanzia 1930 hadi 1950. Sidhani kwamba palikuwa na hila. Mwenye mbwa wengi ana uwezo wa kuchagua aliye bora kabisa na kuwaacha wengine nyumbani, wakati mwenye mbwa mmoja hana budi kumleta huyohuyo, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na mwamuzi hata awe mwadilifu namna gani.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya kuleta mbwa. Huko Marekani, Geraldine Rockefeller Dodge, mwenye Giralda Farms mjini Madison, New Jersey, aliandaa maonyesho ya Morris & Essex kwenye ardhi yake mwenyewe kuanzia mwaka 1927, kwa vikombe vya fedha na chakula cha mchana kwa washiriki, na mwaka 1939 yaliandikisha mbwa 4,456. Mwaka huohuo Doberman wake, Ferry v Rauhfelsen of Giralda, alishinda maonyesho makubwa ya mbwa ya Westminster mjini New York, mahali ambapo miaka sita kabla yake bibi huyo alikuwa amekalia kiti cha mwamuzi wa taji kuu. Mtu mmoja, kwa hiyo, alikuwa mfugaji, mshindani, mwamuzi na mfadhili, na hakuna aliyeshangaa. Lakini alipoacha, baada ya 1957, maonyesho yakafa, na yalifufuliwa na watu wengine mwaka 2000 tu, yakawa yanafanyika takriban kila baada ya miaka mitano. Crufts ilinusurika na mkasa huo kwa kuwa baada ya Cruft kufariki mwaka 1938 maonyesho yalihamishiwa mikononi mwa Kennel Club, chama cha mbwa wa nasaba cha Uingereza kilichoundwa mwaka 1873, na toleo la kwanza chini ya chama hicho lilifanyika mwaka 1948.

Mgeni wa leo hatakuta mabanda ya ukubwa ule. Wengi wanaoshindana ni watu wanaofuga mbwa wachache nyumbani, ingawa majina ya mabanda yenye historia ndefu bado yana nguvu kubwa kuliko idadi yao. Hapa ndipo ilipo thamani halisi ya kiingilio. Kila mbwa ana kibanda chake chenye namba, na mwenyewe hukaa hapo kwa muda mrefu wa siku akichana manyoya, akinywa chai na kujibu maswali, kwa hiyo mtu anayefikiria kununua Labrador anaweza kupita kwa wafugaji kumi kwa asubuhi moja bila kupiga simu hata moja. Mama mmoja wa makamo nilimwuliza kuhusu afya ya nyonga za majike yake. Bila kusita alifungua faili na kunionyesha alama za picha za eksirei, akanieleza kwamba kila nyonga hupimwa kuanzia 0 hadi 53 na kwamba alama ndogo ndiyo njema. Mwingine, vibanda vichache mbele yake, alipoulizwa swali hilohilo alinitajia idadi ya mabingwa katika ukoo wa mbwa wake. Tofauti ya majibu hayo mawili ilinifundisha mengi kuliko fainali yote ya jioni.

Nunua pia katalogi. Ni kitabu kizito, lakini ndicho kinachofunua kinachoendelea ulingoni, kwa sababu chini ya kila namba huandikwa jina la mbwa, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, mfugaji na mmiliki. Baada ya kurasa chache utaanza kuona baba yuleyule akijirudia katika madaraja tofauti, mara kwa mmiliki wa kaskazini, mara kwa wa kusini, na utaelewa kwamba banda halihitaji kuleta mbwa ishirini ili litawale ulingo. Linahitaji kuwa na dume mmoja anayetafutwa na kila mtu. Baadaye nilimtazama mwamuzi akifungua midomo, akipitisha viganja juu ya mabega na mbavu, akiwatembeza mbwa kwenda na kurudi, huku katalogi ikinionyesha kwamba wengi wa waliobaki mbele yake walikuwa ndugu wa baba mmoja. Haki ilitendeka, nadhani, ila ilitendeka ndani ya familia moja.

Mfumo wenyewe unawahitaji watu hao. Ili mbwa aitwe bingwa Uingereza anahitaji vyeti vitatu vya ubingwa kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, na mgawo wa vyeti hivyo kwa kila aina huangalia pia idadi ya mbwa wanaoletwa ulingoni. Kwa aina zenye wafuasi wachache, banda moja likijitoa, wote waliobaki huumia. Ni vigumu kwa mwandaaji yeyote kumkemea mtu anayemjazia ulingo, na ukali huo umekuja zaidi kutoka nje. Mwezi Agosti 2008 filamu ya uchunguzi ya BBC ilionyesha magonjwa ya kurithi miongoni mwa mbwa washindi. BBC, iliyokuwa ikirusha Crufts tangu 1966, ikaacha, na kampuni ya chakula cha mbwa ya Pedigree ikaondoa udhamini wake. Mwaka 2009 Kennel Club ilikataa kuandikisha watoto waliozaliwa na mzazi na mwanawe au na ndugu wa baba na mama mmoja, na mwaka 2012 washindi wa aina sita, wakiwemo Bulldog na Pekingese, walizuiwa kuendelea baada ya kupimwa na daktari wa mifugo. Hatua hizo ni za maana. Nyota ya tano naizuia kwa kuwa ulingo wenyewe bado unatuza kwanza umbo, na mfugaji mwenye faili na yule mwenye hadithi za mabingwa husimama mbele ya mwamuzi wakiwa sawa.

Mengine nayataja kwa haraka. Mashindano ya kuruka vizuizi yanasisimua, watoto watayapenda, na huko mbwa chotara hushindana bila kuulizwa ukoo. Sehemu ya Discover Dogs, yenye takriban aina 200, inamfaa asiyejua aanzie wapi. Maduka ni mengi mno kwa ladha yangu. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kufika kwenye maonyesho ya East Africa Kennel Club atautambua utaratibu wote, kwa kuwa ni mtindo uleule wa Kiingereza uliokuja na walowezi.

Anayekwenda kwa ajili ya aina moja aangalie ratiba kabla ya kukata tiketi, maana makundi yamegawanywa katika siku nne na mbwa anayemtaka atakuwepo siku moja tu. Afike asubuhi, kabla wafugaji hawajaingia ulingoni. Asitarajie kuondoka na mtoto wa mbwa, kwa kuwa hawauzwi humo. Atakachopata ni majina ya wafugaji na miadi ya kuwatembelea. Fainali ya jioni ya siku ya mwisho ina tiketi yake, na asiyeipata anaweza kuitazama bure nyumbani.